UZI: Unene wa mpini wa fimbo ya gofu, kifundo cha mkono na mpira unakoelekea

Kusi la Asubuhi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za viwanjani.

Nina jambo nimekaa nalo muda mrefu na leo nalishusha hapa, maana naona vijana wanaoanza gofu Dar, Morogoro na Moshi wanapewa nusu ya habari kisha wanaingia gharama. Kijana akisema mpira wake unapinda kushoto, anaambiwa "weka gripu nene" (gripu ni ile raba inayovikwa mpini wa fimbo). Akisema unakwenda kulia, anaambiwa "gripu zako nene mno, mikono haiachii, weka nyembamba". Anabadilisha fimbo zote 13, anarudi uwanjani, na baada ya muda mfupi mpira uko kulekule.

Ushauri huo haukuzuka hewani, na kuna watu umewasaidia kweli. Ninachokataa ni kuugeuza sheria. Msimamo wangu ni kwamba unene wa mpini hauelekezi mpira. Unabadilisha mambo mawili mkononi: nguvu unayobana nayo, na mahali fimbo inapolala kati ya vidole na kiganja. Hayo mawili ndiyo yanayogusa kifundo cha mkono, na kifundo ndicho kinachogusa uso wa fimbo, yaani sehemu ya kichwa inayogonga mpira. Katika kila hatua hapo watu wanatofautiana. Ndiyo maana gripu ileile inamnyoosha huyu na kumharibia yule.

(Nazungumzia mpigaji wa mkono wa kulia. Mashoto wageuze.)

Tuanze na mpira. Unaanza safari karibu na upande ambao uso wa fimbo unatazama pale unapogusana nao. Kwa dreva (fimbo ndefu ya kupigia mbali) uso unachangia kama asilimia 85 ya mwelekeo wa kuanzia, kwa aeni (fimbo za kichwa cha chuma) kama 75. Kupinda kunatokana na tofauti kati ya uso na njia ambayo kichwa cha fimbo kinapita: uso ukitazama kushoto kwa njia, mpira unapinda kushoto, ukitazama kulia kwa njia, unapinda kulia. Mguso wenyewe unadumu kama nusu ya elfu moja ya sekunde, na kwa wachezaji wengi uso wa dreva unakuwa unazunguka kwa zaidi ya digrii 2,000 kwa sekunde. Mikono ikiwahi au ikichelewa kwa elfu moja tu ya sekunde, uso umeshatofautiana kwa digrii 2 au zaidi. Kwa mpira wa mita 180, digrii 2 ni mita tano hadi sita pembeni, na hapo hujahesabu kupinda. Kwa hiyo kitu chochote kinachobadilisha wepesi wa kifundo, hata kidogo, kitaonekana kule mpira unakoangukia. Hapo wazee wetu wa klabu wako sahihi kabisa.

Sasa kifundo chenyewe. Misuli mikubwa inayokunja vidole haikai kwenye vidole. Iko kwenye kigasha (kati ya kiwiko na kifundo), na kano zake zinapita juu ya kifundo cha mkono hadi ncha za vidole. Ukibana vidole kwa nguvu, kano zote zinakazika na kifundo kinakuwa kigumu. Jaribu sasa hivi: kunja ngumi kwa nguvu zako zote kisha zungusha kifundo. Halafu legeza ngumi mpaka nusu, zungusha tena. Tofauti uliyoisikia ndiyo mada yangu yote.

Mpini mwembamba kupita kiasi unakufanya ubane. Fimbo inapokutana na mpira nje ya katikati ya uso, inataka kujizungusha mkononi. Kinachoizuia ni msuguano, nguvu ya kubana na nusu kipenyo cha mpini. Mpini wa kawaida wa kiume una kipenyo cha kama milimita 23, ukipima inchi mbili chini ya ncha ya juu. Ule mnene kabisa, unaoitwa "jambo" (jumbo), unafika kama milimita 26. Kwa hesabu hiyo, mwenye jambo anaweza kubana pungufu kwa karibu moja ya nane na bado akaishikilia fimbo vilevile. Aliyewahi kulima kwa jembe lenye mpini mwembamba anajua vidole vinavyochoka upesi.

Hapa ndipo ushauri wa zamani unapoanza kupwaya. Unasema mwembamba unaachia mikono icheze sana, mpira uende kushoto. Ni kweli kwa mtu ambaye habani: fimbo inakaa kwenye vidole, kifundo kinakunjika kwa urahisi, kigasha kinageuka haraka, uso unafunga (unageukia kushoto). Ila mwenye mpini huohuo akiwa mbanaji, kifundo kinakaza, uso haufungi, na mpira unakwenda kulia. Mpini mmoja, matokeo mawili yanayopingana.

Mpini mnene nao una sura mbili. Ukiwa mkubwa kuliko mkono wako, unasukumwa kutoka kwenye vidole kuingia katikati ya kiganja, na fimbo iliyolala kiganjani inakunjika kidogo tu pale kifundoni. Uso unachelewa, mpira unaanzia kulia. Huo ndio ukweli wa ushauri wa zamani. Ila kwa mtu aliyekuwa anabana kwa hofu fimbo isimtoke, unene unampa ruhusa ya kulegeza, na kifundo kinapata uhai ambao hakikuwa nao. Huyo anaweza kuanza kufunga uso vizuri kuliko zamani.

Mtazame Mmarekani Bryson DeChambeau. Anatumia gripu za JumboMax, nene kuliko anazotumia karibu kila mtu, na fimbo anailaza kiganjani kwa makusudi ili kifundo kisikunjike sana. Amechukua US Open mara mbili, 2020 pale Winged Foot na 2024 pale Pinehurst, na ni miongoni mwa wapigaji wa mbali zaidi duniani. Kwa hiyo wanaosema mpini mnene unaua kasi, naye wamhesabu. Mkanada Moe Norman, aliyefariki 2004 na ambaye wengi wanamtaja kuwa mmoja wa walionyoosha mpira kuliko wote, naye alikuwa na mipini minene na alishika kwa viganja. Ila hao wawili walijenga swingi (mwendo wa kupiga) nzima kuzunguka mshiko huo. Ukichukua gripu ya Bryson ukaiweka kwenye swingi ya mtu anayetegemea kifundo, umemnyang'anya chombo chake cha kazi.

Na kuna Ben Hogan, bingwa wa zamani wa Marekani. Miaka yake ya mwanzo aliteswa na huki mbaya (mpira kupinda sana kushoto). Alipopata ufumbuzi, jambo linalokumbukwa zaidi ni mabadiliko ya mshiko: mkono wa kushoto aliugeuza zaidi upande wa kushoto, na kidole gumba akakifupisha juu ya mpini. Mwenye huki aanzie hapo kabla ya kwenda dukani. Angalia vifundo vya vidole vya mkono wa kushoto unaposimama juu ya mpira. Ukiona vitatu au vinne, unene wa gripu utafanya kazi ndogo sana kwako mpaka urekebishe hilo.

Kitu kingine ambacho karibu hakitajwi ni uzito. Gripu ya kawaida ina kama gramu 50. Ya kati ina 60 na zaidi, jambo nyingi zinapita 70. Kila gramu nne au tano unazoongeza upande wa mikono zinafanya kichwa cha fimbo kisikike chepesi kwa nukta moja ya mzani wa swingi (kipimo cha jinsi kichwa kinavyosikika kizito unapopiga). Ukihamia gripu nene yenye gramu 15 zaidi, umeondoa nukta kama tatu. Kuna watu hawatasikia chochote. Wengine wanapoteza mahali kichwa kilipo, wanaanza kuharakisha juu kabla ya kushuka, na mpira unasambaa pande zote. Halafu tunasema unene ndio uliofanya hivyo.

Nakaribisha michango, hasa ya mafundi na ya wenye mikono midogo, ambao hawasikilizwi sana kwenye mada hii.

Fundi Jiliwa

Mkuu, umeifungua vizuri. Mimi niko Nairobi, kazi yangu ni hii hii ya kubadilisha gripu na shafti (ufito wa fimbo), naongezea ya mezani.

Fimbo nyingi ninazoletewa zikidaiwa "gripu nyembamba" zina gripu iliyokufa. Seti za mtumba zinakuja na raba iliyokaa juani miaka, imekauka, inang'aa, inateleza. Mtu anabana kwa sababu inateleza, basi. Nikiivua na kuweka mpya ya unene uleule, mpira unabadilika. Kwa hiyo kabla hujapima milimita, osha gripu zako kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua kwa brashi laini, kausha. Ikibaki ngumu na yenye kuteleza kama ilivyokuwa, badilisha kwanza kwa saizi ileile ndipo uamue kuhusu unene. Watu wa pwani na jasho lenu, hili linawahusu kuliko sisi huku. Gripu zenye uzi wa pamba ndani ya raba zinakamata vizuri mkono ukiwa umelowa, ingawa zinakwaruza.

La pili ni maskintepu (tepu ya karatasi). Huhitaji kuruka kutoka kawaida hadi jambo. Mzunguko mmoja wa tepu chini ya gripu unahesabiwa kuongeza kama 1/64 ya inchi, yaani chini ya nusu milimita. Saizi ya kati ni 1/16 ya inchi juu ya kawaida, jambo ni 1/8. Kwa tepu unaweza kusimama popote katikati, na tepu ni nyepesi kuliko raba, kwa hiyo ule uzito uliosema hauongezeki sana.

La tatu, na hili nalipenda zaidi: mpini wa kawaida unanywea kuelekea chini. Mkono wa kulia, ambao kwa wengi ndio wenye nguvu, unashika sehemu nyembamba zaidi. Na kwa mshiko wa kupandisha kidole kidogo, ni vidole vitatu tu vinavyofanya kazi pale. Ndio mkono unaobana na kuvuta uso ufunge. Naongeza mizunguko mitatu au minne ya tepu chini ya mkono wa kulia peke yake, ili mpini uwe karibu sawa juu na chini. Kampuni ya Golf Pride wanauza gripu zilizotengenezwa hivyo tayari, zile za Plus4, ambazo sehemu ya chini ni kama ina mizunguko minne ya ziada. Wenye mkono wa kulia mkali wengi wananiambia mpira wa kushoto umepungua makali. Sio wote.

Tahadhari ya kanuni: mpini unaruhusiwa kunywea, ila hauruhusiwi kuwa na uvimbe wala kiuno katikati. Tepu ipungue taratibu, isiache ngazi.

Bi Mashimo Tisa

Asanteni kwa mada. Mimi nacheza Arusha, mikono yangu ni midogo, na seti yangu ni ya kiume ya mtumba kwa sababu za kike zenye shafti ninayoitaka hazipatikani kirahisi. Mpira wangu unaanzia kulia na unabaki kulia, haupindi sana. Kila mtu ananiambia nijifunze kugeuza mikono. Nageuza mpaka kigasha kinauma. Je, inaweza kuwa mpini?

Kusi la Asubuhi

Dada, inaweza, na kwako ningeanza hapo hapo.

Fanya hivi. Shika fimbo kwa mkono wa kushoto peke yake, kama unavyoshika unapopiga, ukiwa umevaa glavu. Angalia ncha ya kidole cha kati na cha pete. Zinatakiwa ziguse kidogo tu ule mnofu wa chini ya kidole gumba. Zikiwa mbali nao na nafasi inaonekana, mpini ni mnene kwako. Zikichimba ndani ya mnofu, ni mwembamba.

Kipimo cha pili ni rula. Pima kutoka kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati. Chini ya sentimita 17.8 hivi, chati za watengenezaji zinakupeleka kwenye saizi ndogo. Kutoka hapo hadi kama 22 ni kawaida. Kutoka 22 hadi 23.5 ni ya kati, na juu ya hapo jambo. Chati ni pa kuanzia tu, maana urefu wa vidole na unene wa kiganja haviendi pamoja. Mwenye kiganja kikubwa na vidole vifupi chati inamdanganya.

Kingine, itazame glavu yako ya zamani. Ikiwa imechakaa kwenye kisigino cha kiganja, pale karibu na kifundo, fimbo inalala juu mno kiganjani na inajisugua. Kwa mwenye mkono mdogo na mpini wa kiume ni dalili ya kawaida.

Na tafadhali acha kulazimisha kigasha. Fimbo ikilala kiganjani, kigasha kinafanya kazi ambayo kifundo kingeifanya bila jasho. Maumivu hayo yasizoeleke.

Nahodha wa Jumamosi

Mkuu Kusi, nakuheshimu ila hapa nina swali. Mimi ni mtu wa slaisi (mpira kupinda kulia) tangu naanza. Kwa nadharia ya kawaida ningepaswa kwenda kwenye nyembamba. Nikaweka saizi ya kati kwa sababu tu ndizo zilizokuwepo dukani, na slaisi ikapungua. Sasa nadharia iko wapi? Au ni bahati?

Kusi la Asubuhi

Nahodha, mfano wako ndio niliokuwa nautafuta. Ngoja nikuulize: kabla ya kubadilisha, ulikuwa unamaliza raundi na kigasha cha kulia kikiwa kimechoka? Glavu ilikuwa inatoboka kwenye kidole gumba?

Nahodha wa Jumamosi

Ndiyo, vyote viwili. Glavu ilikuwa haifiki mbali.

Kusi la Asubuhi

Basi ulikuwa mbanaji. Kifundo chako kilikuwa kimefungwa na vidole vyako mwenyewe. Gripu ya kati ilikupa kitu cha kujaza mkono, ukalegeza bila kuambiwa, uso ukapata nafasi ya kurudi. Mtu wa pili mwenye slaisi yako lakini anayeshika kwa ulegevu angeweka gripu ileile na slaisi yake ikakua.

Ndiyo maana nasema usimuulize mtu "mpira wako unakwenda wapi" kisha ukamchagulia saizi. Muulize kwanza anabana kiasi gani. Kwa mtu anayejua kushika kwa ulegevu, ushauri wa zamani unafanya kazi vizuri zaidi.

Ongeza na hili: hakikisha ni uso uliokuwa wazi (ukitazama kulia), isiwe ni mahali unapogonga. Kwa dreva na mbao nyingine (fimbo za kichwa kinene), mpira ukigongwa kwenye kisigino cha uso (upande wa shafti) unapata mzunguko wa kwenda kulia, ukigongwa kwenye kidole cha uso (upande wa mbali na shafti) unapata wa kwenda kushoto. Hilo halina uhusiano wowote na gripu. Chukua kalamu ya ubao mweupe, weka doa kwenye mpira, doa litazame uso wa fimbo, kisha piga. Alama itabaki kwenye uso. Ukiona alama zote ziko kisiginoni, tafuta dawa kwenye umbali unaosimama na mpira.

Upepo wa Limuru

Niongeze kutoka upande wa milimani. Nairobi tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Limuru zaidi. Hewa nyepesi inaupinda mpira kidogo kuliko hewa ya pwani. Huki ambayo huku inaishia ukingoni mwa feawei (njia ya nyasi fupi), nikishuka Mombasa au nikija Dar inaingia vichakani, na kusi ikiwa inavuma ndio kabisa. Nilishaona watu wakirudi kutoka mashindano ya pwani wakibadilisha gripu kwa sababu ya huki ambayo wamekuwa nayo miaka yote, hewa ya nyumbani tu ndiyo ilikuwa inawafichia.

Kwa hiyo ukijaribu unene mpya, jaribia kwenye uwanja uleule na siku ya upepo unaofanana.

Mzee wa Tii ya Kwanza

Vijana, nawasoma kwa makini. Mimi nina baridi yabisi kwenye vidole. Daktari hakunikataza gofu. Nilikuwa nimeshaanza kuacha aeni ndefu kwa sababu ya maumivu. Fundi aliniwekea jambo kwenye fimbo zote, na sasa vidole havihitaji kukunjika sana kuishika fimbo. Mpira wangu umesogea kulia kidogo. Nimeamua kulenga kushoto kidogo na kuendelea na mchezo. Naandika ili wenye hali kama yangu wasiache.

Kusi la Asubuhi

Shikamoo mzee. Nimefurahi sana umeandika. Kwa hali yako nisingebadilisha chochote kwa ajili ya huo mpira wa kulia. Ukitaka kuurudisha bila kugusa gripu, geuza mkono wa kushoto kidogo kulia juu ya mpini, uone kifundo cha kidole kimoja zaidi kuliko unavyokiona sasa. Uso utafika ukiwa umefunga zaidi na vidole havitajua.

Mzee wa Tii ya Kwanza

Marahaba. Nitajaribu kwenye aeni 7 kwanza.

Fundi Jiliwa

Kuna kosa la mafundi nataka wachezaji walijue, maana linazaa lawama zisizo na msingi kwa unene. Gripu ziko za duara kamili, na ziko zenye mgongo kwa ndani, ule unaosikika kwenye vidole ili ukumbuke mkono ukae wapi. Mgongo ukifungwa umepinda, mkono utaufuata na uso utakuwa wazi au umefunga kabla hujaanza swingi. Mteja anasema "tangu niweke gripu nene mpira unakwenda kushoto", kumbe mgongo umekaa kombo. Ukichukua fimbo zako kwa fundi, iweke kila moja chini kama unataka kupiga, uso uwe mraba, kisha shika ukiwa umefumba macho. Fumbua. Uso ukiwa umegeuka, mwambie airudie. Dakika za mwanzo kabla ya gundi ya tepu kushika bado inazunguka.

Mpira Mweupe

Na fimbo ya grini (ya kusukumia mpira shimoni) je? Huko naona mipini minene kila mahali, hata kwa vijana wenye mikono midogo. Kanuni zinaruhusu mpaka wapi?

Kusi la Asubuhi

Mwisho ni inchi 1.75 upande wowote ukipima, yaani milimita 44.45. Na ni fimbo ya grini peke yake inayoruhusiwa kuwa na mpini usio wa duara, mradi hauna bonde.

Kule sababu inageuka. Kwenye swingi kubwa tunataka kifundo kiwe hai. Kwenye grini wengi tunataka kinyamaze, mabega ndiyo yaendeshe. Mpini mnene na bapa unavitoa vidole kazini na kusawazisha viganja viwili. K.J. Choi wa Korea Kusini alishinda mashindano ya AT&T National 2007 akiwa na mpini mnene wa kampuni ya SuperStroke kwenye fimbo ya grini, wakati bado ulikuwa kitu cha kushangaza. Jordan Spieth akachukua Masters na US Open mwaka 2015 na SuperStroke. Tangu hapo kila duka linazo.

Angalizo langu ni kwenye umbali. Vidole vikitolewa kazini, mwelekeo wa mipira ya karibu unatulia, ila wapo wanaopoteza hisia ya mpira wa mita kumi na kuendelea. Kama shida yako ni kuacha mpira mfupi au kuupitiliza, mpini mnene hautakusaidia. Kama shida ni kifundo kuvunjika kwenye mita moja na nusu, jaribu.

Bi Mashimo Tisa

Narudi na habari. Nimepima: sentimita 17, na ncha za vidole zilikuwa mbali kabisa na ule mnofu. Glavu imechakaa pale pale ulipotaja. Fundi wa hapa alivua gripu ya aeni 7 tu, akakuta mizunguko miwili ya maskintepu chini ambayo mwenye fimbo wa zamani aliiweka. Ameitoa, ameweka gripu ya saizi ndogo. Mpira umeanza kuanzia karibu na ninapolenga, na mingine inapinda kushoto kidogo, kitu ambacho sijawahi kukiona. Kigasha hakijauma. Nibadilishe zote?

Kusi la Asubuhi

Dada, habari njema. Usibadilishe zote bado. Cheza na hiyo moja mpaka mwili uache kulazimisha ile nguvu ya zamani ya kugeuza, maana bado unayo, na huenda ndiyo inayoleta hiyo ya kushoto. Ikitulia katikati, fanya aeni zilizobaki. Ikizidi kwenda kushoto hata baada ya kulegeza, mwambie fundi arudishe mzunguko mmoja wa tepu.

Dreva iache mpaka mwisho. Ndiyo ndefu kuliko zote na kosa dogo linaonekana kubwa, utaijua vizuri zaidi ukishakuwa na jibu la aeni.

Nahodha wa Jumamosi

Kwa asiye na fundi karibu, anajaribuje bila kuvua gripu?

Fundi Jiliwa

Chukua ule utepe mwembamba wa kuzungushia raketi ya tenisi. Unaongeza kama milimita moja ya kipenyo na ni mwepesi. Uzungushe juu ya gripu ya aeni moja, piga mipira kwenye uwanja wa mazoezi ukibadilishana na aeni ya jirani yake isiyo na utepe. Usiangalie mpira mmoja mmoja, angalia kundi limeangukia upande gani. Ukiona kundi limehama, njoo tuongee tepu. Lisipohama, umebaki na hela yako. Siku ya mashindano uvue utepe.